Taarifa ya Ziara ya Mafunzo Isiyo na Posho

Kwa:
Mkuu wa Ofisi Inayohusika,
Mkoa wa Songwe, au popote ofisi hiyo itakapopatikana.

YAH: ZIARA YA KUANGALIA PICHA JIJINI LUSAKA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Nakuandikia wewe kwa sababu kila nilipouliza hapa Tunduma ni nani mwenye jukumu la kumwekea mwananchi mahali pa kuangalia sanaa, nilielekezwa kwako. Dawati la kwanza liliniambia hilo ni suala la utamaduni. La pili likasema ni la utalii. La tatu likaniuliza kama nina kikundi cha ngoma kilichosajiliwa. Wote, kwa upole kabisa, walimalizia kwa kunishauri nionane na ofisi inayohusika. Kwa kuwa hakuna aliyenionyesha mlango wako, naileta barua hii hadharani, nikiomba ikukute ofisini na siyo kwenye kikao.

Utaratibu naujua. Mtumishi akitaka kujifunza jambo husafiri kwenda kuona linavyofanyika kwa wenzetu. Analala hotelini, anapiga picha ya pamoja mbele ya jengo, kisha anarudi na taarifa yenye jalada la plastiki. Nimeamua kukupunguzia mzigo huo. Nimekwenda mwenyewe, kwa nauli yangu, bila dereva wala posho ya kujikimu. Picha ya pamoja sikupiga, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Nilivuka mpaka kwa miguu kama tunavyovuka sote. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2019, anayetoka Tanzania anamalizana na nchi zote mbili chini ya paa moja upande wa Nakonde, na hilo ni jambo jema, nakupongeza hata kama hukuhusika. Kwenye foleni nilisimama nyuma ya mama mmoja anayepeleka mchele wa Kamsamba Lusaka.

"Mwanangu, unakwenda kuchukua nini huko?"

"Nakwenda kuangalia picha, mama."

"Za kuuza?"

"Za ukutani."

Alinitazama kwa huruma, akanisogelea sikioni. "Wakikuuliza, sema biashara. Ukisema picha watakuona umechanganyikiwa."

Nikasema biashara. Nikapita.

Basi lilikesha barabarani, na barabara yenyewe ndiyo hii hii inayopita mbele ya nyumba yangu. Tulipita njia panda ya Chinsali, alikozaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924. Tukapita Serenje, nyumbani kwa Henry Tayali, mchoraji mkubwa wa Zambia aliyesomea sanaa Makerere. Alfajiri tulikuwa Kabwe, ambako mwaka 1921 wachimba madini walifukua fuvu la binadamu wa kale. Likapelekwa London, na liko huko mpaka leo, pamoja na barua zote za Wazambia wanaolidai. Mama wa mchele alilala njia nzima. Yeye safari yake ilikuwa na maana.

Kituo kikuu cha mabasi cha Lusaka kipo Barabara ya Dedan Kimathi. Nimekuwekea jambo hili kwenye taarifa ili ujue kwamba mtu wa Afrika Mashariki anashuka pale tayari yuko kwa jamaa. Ukivuka upande wa pili wa reli unaikuta Cairo Road, ambayo ni barabara yetu ile ile ikiwa imevaa suti: benki, miti katikati, wauza muda wa maongezi wenye miamvuli. Sambamba nayo kuna Chachacha, iliyopewa jina la vuguvugu la kudai uhuru la mwaka 1961, na mbele zaidi Lumumba. Nilitembea huku na huko asubuhi nzima bila kununua kitu. Msafiri wa peke yake ana raha moja ambayo ujumbe wa watu 12 hauwezi kuipata: akitaka kusimama anasimama, na hakuna mwenyekiti wa msafara wa kuangalia saa.

Makumbusho ya Taifa ya Lusaka yalifunguliwa mwaka 1996, kwenye Independence Avenue. Ghorofa ya juu ina historia na mila, pamoja na zana za uchawi zinazowafanya wanafunzi wafinyane na kucheka. Mimi nilibaki chini, kwenye michoro na sanamu za Wazambia wenyewe. Picha moja ilinisimamisha. Ni soko, jua la mchana. Wanawake wamekaa nyuma ya mafungu ya nyanya, na mchoraji hakumchora hata mmoja uso. Kachora migongo tu, vitenge vilivyofungwa haraka haraka, na mtoto mmoja aliyelala mdomo wazi juu ya gunia. Nyanya zimepakwa rangi nzito kwa kisu, kiasi kwamba ukisogea ubavuni mwa picha unaziona zimevimba kutoka kwenye turubai. Fungu moja halijakamilika. Lina nyanya tatu badala ya nne, na mkono wa mwanamke umesimama hewani juu yake. Hujui anaongeza au anapunguza.

Nilikaa pale hadi mlinzi akaja kuniuliza kama namtafuta mtu. Nikamjibu kwamba nimeshawapata.

Migongo hiyo, Mkuu, naiona kila siku sokoni Tunduma. Naipita kwa haraka, nikipiga kelele za bei. Nilihitaji pasipoti ili niitazame.

Baadaye nilipanda na Independence Avenue hadi kwenye Sanamu ya Uhuru, yule mwanamume aliyeinua mikono juu akiwa ameikata minyororo. Iliwekwa pale mwaka 1974, na mfano wake ni mpigania uhuru Mpundu Mutembo. Nilikuwa na hakika nimemwona mahali. Nikatoa noti ya kwacha mfukoni, nikageuza: ni yeye. Ina maana wabadilisha fedha wetu pale mpakani wamekuwa wakishika sanamu mkononi kwa mabunda miaka yote, na sisi tunawauliza bei ya leo ikoje. Jioni nikamalizia kituo cha sanaa chenye jina la Tayali, kwenye viwanja vya maonyesho, ambako wachoraji huning'iniza kazi zao na kuziuza wenyewe. Chai ilikuwa ya bure. Naliweka hili kwenye taarifa makusudi, kwa kuwa najua kipengele cha chakula na vinywaji huwa kinasomwa kwa makini.

Sasa nije kwenye mafunzo yaliyopatikana.

Nimegundua kwamba mkoa huu haujanyimwa chochote kinachopita. Mafuta yamepewa bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, tangu mwaka 1968. Mizigo ikapewa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Malori yana lami na mizani, na nyaraka zake zina dirisha lake. Shaba ya Zambia na Kongo inapita hapa ikiwa imefunikwa vizuri maturubai, inalindwa kuliko mtu. Mwananchi anayebaki, yeye amepewa vumbi la vitu vinavyopita. Mkoa ulipozaliwa mwaka 2016 tuligawana ofisi, mihuri na magari. Ukuta wa kutundika picha haukuwa kwenye orodha ya mgawanyo. Makumbusho ya Taifa letu, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940, yana matawi Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Mtu wa Tunduma akitaka kwenda la karibu, atafute la Songea kwenye ramani, halafu akae chini.

Usiseme hatuna cha kuonyesha. Kijijini Ndolezi tuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la zaidi ya tani 10 lililodondoka kutoka angani bila kulipiwa ushuru wa forodha. Wazee wa hapa walikuwa wakilijua kabla ya mtu yeyote kuliandikia ripoti. Mwaka 1930 habari zake zikafika nje, na Desemba ya mwaka huo huo mjiolojia wa serikali ya kikoloni alikuja na msumeno wa chuma, akakata kipande cha sentimita kama 10 kwa ajili ya jumba la makumbusho la Waingereza. Ilimchukua saa 10. Kovu la mraba lipo mpaka leo, pita ulione. Mwaka 1967 serikali yetu ikalitangaza kuwa kumbukumbu inayolindwa, na limelindwa kweli. Nia ya yule bwana siisifu. Nasema tu kwamba mtu alisafiri kutoka mbali akakaa na kitu chetu kwa saa 10 mfululizo au zenye mapumziko, akikitolea jasho, na naomba Ofisi Inayohusika inijulishe kwa maandishi ni lini mara ya mwisho yenyewe ilikaa na kitu chetu chochote kwa muda huo, kikao cha bajeti kikiwa kimetolewa.

Na tuna foleni. Najua kwako foleni ya malori ni changamoto inayofanyiwa kazi. Kwangu ni maonyesho marefu kuliko yote niliyowahi kuyaona, na hayana kiingilio. Tembea kutoka Mpemba kushuka mpakani siku ambayo mtandao wa forodha uko chini. Utaona simba, tausi, misikiti, Yesu akiwa na kondoo, wachezaji wa Ulaya waliokosewa pua. Madigadi yana maneno: Mungu ni Mwema, na lori linalofuata linamjibu kwa Mwenye Wivu Ajinyonge. Madereva wanakaa siku kadhaa, kwa hiyo maonyesho yanabadilika bila mhifadhi wala kamati ya uteuzi.

Kuna fundi mmoja karibu na gereji za Mpemba ambaye humaliza simba kwa mchana mmoja. Nilikwenda kumwona niliporudi, macho yangu yakiwa bado ya Lusaka. Rangi anachanganyia kwenye kopo la maziwa ya unga. Brashi yake ya manyoya imekatwa kwa wembe ikabaki nywele chache, hiyo ni ya ndevu za simba. Macho huyaacha mwisho kabisa, anangoja dereva apande atie moto, ndipo anachora akiwa ameegemea bodi inayotetemeka. Nilimuuliza kwa nini asichore lori likiwa limezimwa. Akasema jicho lililochorwa lori likiwa limelala huwa linatazama chini. Sijui kama ni kweli. Nilisimama nyuma ya lori hadi alipomaliza, na simba yule alinitazama mimi. Nusu saa baadaye foleni ikasogea, kazi ya mchana mzima ikavuka kwenda Lubumbashi bila jina la aliyeichora. Nchi yetu imeuza nje kazi ya sanaa pale mbele ya macho yangu, na haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Nakueleza hili kwa hofu, maana sasa umelijua na unaweza kulianzishia tozo.

Ombi langu basi ni dogo, na nakusihi usilikuze. Usiunde kamati. Usitafute mshauri elekezi, usiandae warsha ya wadau, na kwa heshima zote usipeleke ujumbe Paris kujifunza, kwa sababu mafunzo ndiyo haya nimekuletea. Jengo la sakafu ya marumaru lenye jiwe la msingi na jina la mgeni rasmi halihitajiki. Tunaomba chumba kimoja, kwenye mojawapo ya majengo ya umma yaliyokamilika na kukaa yamefungwa. Kiwe na taa, kiwe na mtu wa kufungua mlango Jumamosi mama wa mchele anapopumzika. Upande mmoja fundi wa Mpemba achore ukutani, mahali pasipoondoka. Upande mwingine watundike watoto wa shule. Katikati iwekwe picha kubwa ya lile kovu la Kimondo.

Fundi nimeshaongea naye na yuko tayari. Aliuliza jambo moja tu: ukuta hauna injini, jicho atalichoraje? Swali hilo ni la kitaalamu, nimelipeleka kwako.

Nawasilisha.

Mkazi wa Tunduma

Viambatisho: tiketi ya basi, kwenda na kurudi, kwa ajili ya marejesho, noti moja ya kwacha, upande wa nyuma ndio wenye sanamu.

Nakala:
Mama wa mchele wa Kamsamba, kwa taarifa.
Fundi wa simba, Mpemba, aendelee na kazi.
Madereva wote walioko kwenye foleni, kwa utekelezaji.