Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mifumo ya Malipo

Soko la Mifugo,
Garissa 70100.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Makao Makuu,
Nairobi 00100.

KUH: SIFURI

Mheshimiwa,

Uniwie radhi kwa kuthubutu kukuandikia, mimi karani wa sokoni, nami najua una mambo makubwa kuliko sifuri.

Kwanza, hongera kwa mfumo wako. Una heshima kwa wazee: hadi leo unasoma fedha kana kwamba zimetobolewa kwenye ile kadi ya IBM ya safu 80, ya mwaka 1928. Kila kiasi kina nafasi kumi, si tisa wala kumi na moja. Nukta haiandikwi, tarakimu mbili za mwisho ni senti. Enzi hizo kila safu ilikuwa mali, na aliyebana matumizi alistahili pongezi.

Kasoro ni yetu sisi. Mbuzi wa shilingi 8,500 tulimwandika 0000008500, nafasi kumi kamili, na mfugaji akalipwa shilingi 85. Kumbe ilipasa iwe 0000850000. Tukaandika hivyo, lahajedwali ikafuta sifuri za mbele bila kutuuliza, na faili zima likarudishwa na maneno mawili: "Data batili." Mstari upi? Kwa nini? Hatukuuliza, tusije tukachungulia siri za ofisi.

Wala lahajedwali haituonei. Katika misimbo ya posta, Garissa hubaki 70100, Wajir 70200, Mandera 70300. Nairobi yako, 00100, ndiyo hugeuka 100. Pengine ndiyo maana barua zetu hazikufikii.

Ombi letu, ukiwa na wasaa, ni ukurasa mmoja wa wazi: nafasi ni ngapi, sifuri hujazwa upande gani, senti hukaa wapi. Faili likikosewa, mfumo ututajie mstari. Na kama si utovu wa adabu, upokee 8500.00 jinsi ilivyo, ujaze sifuri wenyewe. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwa karani ni mchana kutwa, na mfugaji aliyetoka Balambala anasubiri nauli ya kurudi.

Jibu lako likipungua nafasi kumi, tafadhali lijazie sifuri mbele. Tumeshazoea kuzisoma.

Wako mtiifu,
Karani