Sifa za Kibao cha Mradi

Katika utumishi wa umma hakuna anayekifikia kibao cha mradi. Huripoti kazini kabla ya greda, husimama juani kwa miguu miwili ya mbao, hakidai posho ya kikao wala ya safari. Mkurugenzi atahamia wilaya nyingine, mhandisi atakwenda masomoni, mbunge ataangushwa kwenye kura za maoni. Chenyewe kipo palepale, kimebeba jina la mteja, la mhandisi mshauri, la mkandarasi, na tarehe ya kukamilika. Nani mwingine serikalini huthubutu kuandika tarehe barabarani, kwa rangi ya mafuta?

Wenye husuda husema tarehe hiyo ni uongo. Mimi naiita imani. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro iliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017, ikamilike Novemba 2019. Abiria walianza kusafiri Juni 2024. Bwawa la Mwalimu Nyerere, Rufiji, mkataba ulisainiwa Desemba 2018, kazi iishe Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliwasha umeme Februari 2024. Na hiyo ni miradi iliyofika, tushukuru. Hata Wajerumani, wenye sifa ya kwenda na saa, uwanja wao wa ndege wa Berlin Brandenburg ulikuwa ufunguliwe Juni 2012, ukafunguliwa Oktoba 2020.

Lakini utukufu wa kibao uko kwenye kuwajibika. Uliza kwa nini jengo la hospitali limeishia kwenye nguzo. Mkandarasi atakwambia hati zake za malipo zimelala kwa mteja. Mteja: fedha hazijashuka kutoka Hazina. Mhandisi mshauri: michoro ilibadilishwa baada ya mkataba kusainiwa. Kila mmoja ana barua, na barua zote ni za kweli. Uzuri wenyewe ndio huo. Mkandarasi akichelewa kwa uzembe wake, mkataba humkata fidia kwa kila siku. Mteja akichelewesha malipo, mkandarasi huongezewa muda, na juu yake hudai riba, na riba haijengi hata kozi moja ya tofali. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikuta riba hizo na kuziandika, kamati ya Bunge huwaita maofisa, maofisa huahidi kujirekebisha. Aliyeikalia hati ile keshapanda cheo. Anayebaki kusonywa na abiria wa daladala ni kibao.

Nacho hunyamaza. Tarehe ikipita huja kijana na kopo la rangi, akaufuta mwaka na kuandika mwingine. Rangi mpya haifanani na ya zamani (huwa hainunuliwi duka lilelile), kwa hiyo mwenye macho huiona 2021 ikichungulia chini ya 2023.

Hapo tu ndipo tunapokidhulumu. Ningeomba tarehe zisifutwe: zipangwe moja chini ya nyingine, na ubavuni mwa kila moja jina na cheo cha aliyetia saini nyongeza ya muda, pamoja na riba iliyolipwa. Najua wataalamu watasema kibao hakitatosha. Basi kiongezwe ubao. Nyongeza ya bajeti si tunajua kuiomba?