Berlin Hukaripia Wote

Wanaume wawili wapendanao wakifika hoteli ya kawaida jijini Berlin, wakakuta kitanda chao kina magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, kila godoro na duveti yake, na katikati ufa wa kutosha kumeza simu, hutazamana kama watu waliokwisha kuelewa. Yule wa mapokezi alitabasamu mno, wanaambiana. Kumbe alishapanga kututenganisha. Malalamiko hutungwa papo hapo. Kabla hayajafika mapokezi, yafaa wajue kwamba hicho ndicho kitanda cha Wajerumani. Maharusi waliotoka kanisani hukilalia, na babu na bibi waliooana miaka 50 iliyopita hukilalia, kila mmoja chini ya duveti yake, maana huko kuvutana blanketi usiku wa manane huonekana fujo isiyo na faida. Hoja yangu ni kwamba vioja vingi vinavyompata msafiri shoga jijini humo havihusiani kabisa na ushoga wake, na anayekichukulia kila kioja kuwa hukumu juu ya mapenzi yake anajipa umuhimu ambao Berlin haijampa mtu yeyote.

Tazama treni. Stesheni hazina mageti. Unashuka ngazi na kupanda behewa kama unayeingia sebuleni kwako. Lakini tiketi ya karatasi sharti ipigwe muhuri kwenye kimashine kidogo kabla ya safari, na mkaguzi, ambaye huenda amevaa jinzi na koti kuukuu kama abiria wenzake, akikukuta nayo bila muhuri atakudai faini ya euro 60. Kwamba umeinunua kwa pesa halali hakumhusu. Konda wa daladala angalau ungeweza kubishana naye hadi kituo cha mwisho. Simama kwenye njia ya baiskeli ukipiga picha, na bibi wa miaka 70 atakupigia kengele, akupite, kisha ageuke kukusemea ovyo. Jumapili, ukiwa huna hata mkate, utakuta karibu maduka yote yamefungwa, kwa kuwa mapumziko ya siku hiyo yanalindwa na katiba tangu enzi za Jamhuri ya Weimar, mwaka 1919. Ukiagiza maji mgahawani bila kufafanua, huenda ukaletewa yenye gesi. Kioja ninachokipenda zaidi ni cha taa za barabarani. Vuka wakati taa ya waenda kwa miguu ni nyekundu, hata kama hakuna gari mtaa mzima, na mzazi aliyemshika mwanawe mkono anaweza kukufokea kwamba unawaharibu watoto. Msafiri shoga aliyekwisha kusikia shutuma hiyo kwao huganda katikati ya barabara, moyo ukimdunda, akijiuliza amejulikanaje. Hajajulikana. Ni taa tu.

Kusoma vibaya namna hii kuna chimbuko lake, na sicheki chimbuko. Aliyekulia Kenya, ambako mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, vyenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14, au Tanzania, ambako adhabu hufika kifungo cha maisha, hujifunza mapema kuyapima macho ya watu: ya jirani, ya mwenye nyumba, ya mpokea wageni. Stadi hiyo imemwokoa mara nyingi, na hakuna mashine ya uwanja wa ndege inayoweza kumvua. Wala Berlin haikuzaliwa na huku kutojali kwake. Taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld, iliyofunguliwa mwaka 1919 kuchunguza mambo ya jinsia na mapenzi, ilivamiwa Mei 6, 1933, na siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa hadharani. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichotungwa mwaka 1871 kuwaadhibu wanaume wapendao wanaume, hakikufutwa kabisa hadi 1994. Anayekwenda mtaa wa Motzstraße na leso mkononi kuiombolezea Eldorado, klabu iliyofungwa Wanazi walipokuwa wakishika hatamu, hukuta jengo limegeuka duka la vyakula na watu wanachagua vitunguu. Wengine huona hiyo ni dharau. Mimi naona watu walifungwa na kufa ili mgeni wa leo akaripiwe kwa kosa la baiskeli peke yake.

Kuna atakayesema kwamba ucheshi huu unafunika maumivu, kwa sababu polisi wa Berlin huandikisha kila mwaka mamia ya makosa ya chuki dhidi ya mashoga na wenzao. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kutomaliza hasira kwenye kitanda. Anayepiga mayowe juu ya duveti mbili atakuwa amekaukiwa sauti siku atakapotukanwa kweli kwenye behewa la usiku, siku ambayo polisi wanapaswa kuitwa. Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani nimelimaliza: msafiri mweusi atajuaje kama mkaguzi amemfuata yeye kwanza kwa bahati mbaya au kwa rangi yake? Mara nyingi hatajua. Hapo hoja yangu yachechemea, ila haianguki, kwa sababu ubaguzi wa rangi ukilalamikiwa kwa jina la ushoga, lalamiko linafika dirisha lisilo lake na kurudishwa. Aanze na yale yanayoweza kuthibitishwa: tiketi ina muhuri au haina, njia ni ya miguu au ya baiskeli. Na hata mhudumu wa sauna anayemwamuru msafiri avue chupi ya kuogelea, hapo mbele ya wanaume kwa wanawake waliokaa uchi juu ya taulo zao, hana habari na anampenda nani. Anazionea huruma mbao zake.