Kijiwe Kimeshampangia Usyk Pambano

Ukitaka kujua kama Tyson Fury anarudi ulingoni, usihangaike na magazeti. Nenda kwa kinyozi wangu. Januari 2025, Fury alipotangaza kwamba ngumi basi, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake kile kilichopasuka ngozi, upande mmoja wa kichwa umekwisha, upande wa pili bado msitu. Kinyozi akasimamisha kazi. Mashine inaunguruma mkononi, yeye anachambua. "Huyu harudi. Nakwambia kaka, huyu kachoka." Mteja aliyekuwa kwenye benchi akambishia: mwaka 2022 si alisema hivyohivyo baada ya kumpiga Dillian Whyte, na Desemba ya mwaka uleule akawa ulingoni anampiga Derek Chisora? Kinyozi akazima mashine ili atafakari vizuri. "Basi atarudi," akasema. Wakahamia kwenye suala la atarudi kwa nani, nami nikabaki na nusu kichwa changu nikisubiri waelewane.

Sina ugomvi na mtu kupenda ngumi. Kwetu Manzese ngumi zina wenyewe. Kinachonichosha ni hii tabia ya kupanga pambano lijalo wakati hatujakubaliana lililopita lilikwendaje. Kijiwe chetu cha kahawa kimejaa watu ambao hawajavaa glovu hata za kuzibulia mtaro, lakini wanajua Oleksandr Usyk apigane na nani, wapi, mwezi gani na alipwe kiasi gani. Anayetaja dola milioni mia kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye anayedaiwa kashata tangu mwezi uliopita.

Chukua pambano la kwanza la Usyk na Fury, Riyadh, 18 Mei 2024. Saa za Saudia ni saa zetu, lakini wale jamaa wanapenda kupandisha wakubwa ulingoni kama saa saba usiku, mtu umeshasinzia mara mbili kwenye benchi la kibanda umiza na umeshapigwa viwiko na jirani anayewafundisha mabondia kupitia skrini. Usyk akashinda kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja, akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu asiye na mpinzani tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Tangu usiku ule kijiwe kina vyama viwili. Chama cha Fury kinasema mtu wao aliibiwa. Waulize aliibiwa raundi ipi. Wote wanaangalia vikombe.

Nikaona niwasaidie. Nikachukua karatasi iliyofungiwa kashata, nikaazima kalamu, nikaanza somo. Jamani, kila raundi ni kesi inayojitegemea. Aliyeshinda anapata 10, aliyeshindwa 9. Ukiangushwa, au kamba zikikubeba mpaka mwamuzi akuhesabie, unabaki na 8. Jaji haulizwi mwisho wa usiku nani kavimba jicho au nani alikuwa anacheka. Sasa: jaji mmoja aliandika 115-112 kwa Usyk, wa pili 114-113 kwa Usyk, wa tatu 114-113 kwa Fury. Raundi ya tisa Usyk alimsukasuka Fury kutoka kona hii hadi ile, mpaka mwamuzi akamhesabia. Hebu iondoe hiyo pointi moja ya kuhesabiwa. Jaji wa pili anasoma 114-114. Mmoja kwa Usyk, mmoja kwa Fury, mmoja katikati, na pambano zima ni sare. Kwa hiyo huu ubishi wote unaonifanya nichelewe nyumbani umekaa juu ya sekunde chache ambazo Fury alikuwa anapepesuka kwenye kamba na nusu ya kijiwe ilikuwa imekwenda kukojoa.

Niliinua macho nikitegemea angalau mtu mmoja kutikisa kichwa. Mzee muuza kahawa akasema, "Umemaliza? Toa karatasi yako kwenye vikombe." Kijana wa bodaboda akauliza nani kanipa ujaji.

Huyu bodaboda ana hoja yake moja, ameishikilia tangu marudiano ya 21 Desemba 2024. Marudiano yale hayakuwa na utata, majaji wote watatu waliandika 116-112, yaani raundi nane za Usyk na nne za Fury. Lakini bodaboda hataki. Siku ya kupima uzito Fury alikuwa na kilo 127 na ushei, Usyk 102 na ushei. Tofauti ya kilo 25, sawa na mfuko mzima wa unga wa sembe. "Mtu atapigwaje," anauliza, "na mtu aliyezidiwa mfuko wa unga?"

Jibu liko miguuni. Usyk anapigana mashoto, na mguu wake wa mbele anauweka nje ya mguu wa mbele wa mwenzake, kisha anapiga na kuhama kabla hajajibiwa. Ukiwa na kilo 127 kila kugeuka ni gharama, na raundi ni 12. Nilipoeleza hivyo bodaboda alisimama atuonyeshe kwamba inawezekana kumziba mtu wa namna hiyo. Akamwita kinyozi awe Usyk. Kinyozi akaweka mguu wake wa kulia nje, vizuri kabisa, kumbe huwa anasikiliza. Bodaboda akarusha konde, kinyozi akazunguka, bodaboda akazunguka naye, kisigino kikakuta jiko la mkaa. Birika lilikwenda chini lote. Mzee muuza kahawa hakuhesabu hata mpaka tatu. Alisimamisha pambano, akatangaza deni, akaliandika kwenye daftari. Bodaboda anasema ardhi haikuwa sawa.

Kwenye mikanda ndiko kijiwe kinakopotea kabisa, na hapo kidogo nawaonea huruma. Iko minne: WBC, WBA, IBF, WBO. Usyk aliibeba yote Mei 2024. Mwezi uliofuata akawa hana ule wa IBF. Hajapigwa, hajaumwa, hajapanda ulingoni. "Mkanda unapoteaje wakati mtu yuko nyumbani kwake?" aliuliza mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kunyang'anywa kiwanja. Ni kwamba IBF ilimtaka akutane na mpinzani wake wa lazima, na yeye alikuwa ameshafungwa na mkataba wa marudiano na Fury. Akauachia. Daniel Dubois, aliyekuwa bingwa wa muda, akapandishwa kuwa bingwa kamili. Septemba 2024 Dubois akamwangusha Anthony Joshua kwa KO raundi ya tano pale Wembley, mbele ya watu 96,000, na kijiwe kikatangaza kwamba zama mpya zimeanza. Zama mpya zilidumu mpaka 19 Julai 2025, Wembley ileile, raundi ileile ya tano, Usyk akamlaza Dubois na kuichukua tena mikanda yote. Novemba akauacha tena mkanda mmoja, safari hii wa WBO, ukaenda kwa Fabio Wardley.

Nilieleza yote hayo taratibu, kwa vidole. Mzee akaniuliza, "Sasa bingwa ni nani?" Nikaagiza kahawa nyingine.

Lile la Julai lilizaa kesi nyingine. Konde la kushoto lililommaliza Dubois, Usyk alilipa jina: Ivan. Kijiwe kililipuka. Maana hapa kwetu kila mtoto anajua mwenye hati ya kubatiza makonde ni Karim Mandonga, Mtu Kazi, ambaye Januari 2023 alikwenda Nairobi kupigana na Daniel Wanyonyi akiwa na ngumi yake aitwayo Sugunyo, na akarudi na ushindi. Palepale iliundwa kamati ndogo ya kudai hakimiliki kutoka Ukraine. Kinyozi akateuliwa katibu kwa sababu ana kalamu. Barua haijaandikwa mpaka leo, kwani wajumbe hawajakubaliana kama Sugunyo ni ngumi ya kulia au ya kushoto. Nami ningependa kujua, lakini naogopa kuuliza, nitaongezwa kwenye kamati.

Halafu kuna yale ya Las Vegas. Terence Crawford na Canelo Álvarez walipigana huko Jumamosi usiku, 13 Septemba 2025. Kwetu ilikuwa Jumapili alfajiri, jua linataka kuchomoza. Watu ambao adhana ya alfajiri huwapita wakikoroma walikuwa macho, wamenawa uso, wamelipa kiingilio. Crawford alikuwa amepanda madaraja mawili ya uzito ili kumfuata Canelo, jambo ambalo kwa akili ya kawaida ni kujitafutia aibu, na kwa raundi chache za mwanzo tulidhani tunaliona. Kisha umeme ukakatika. Ulikatika raundi ya saba, ukarudi ya kumi. Crawford alishinda kwa pointi, 116-112 kwa jaji mmoja na 115-113 kwa wawili, na hakuna raundi zilizobishaniwa asubuhi ile kwa ukali kama zile ambazo hakuna mtu aliyeziona. Mmoja aliapa kwamba Canelo aliyumba raundi ya nane. Nikamuuliza alimwonaje gizani. Akasema alisikia kelele za jirani mwenye jenereta.

Kufika mchana kijiwe kilikuwa kimeshampatia Crawford mpinzani: Hassan Mwakinyo wa Tanga. Usicheke haraka, hoja ilikuwa na mguu mmoja. Crawford kabla ya kupanda alikuwa kwenye uzito wa super welter, uzito wa Mwakinyo. Na Septemba 2018 si Mwakinyo alikwenda Birmingham, hakuna aliyemjua, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili nyumbani kwao? Ule ushindi hatutausahau, na wala hatupaswi. Mguu wa pili wa hoja ndio ulikuwa mbovu: Septemba 2022 alikwenda Liverpool, Liam Smith akammaliza raundi ya nne, ikabaki hadithi ndefu ya viatu vilivyomsumbua. Kijiwe kikatatua tatizo hilo kwa dakika mbili. "Viatu tutanunua sisi." Ukapitishwa mchango. Niliuliza namba ya mguu wa Mwakinyo. Nikaambiwa nisikatishe watu tamaa.

Desemba 2025 Crawford akatangaza kustaafu, mapambano 42, hajapoteza hata moja. Hakutushirikisha. Pesa ya viatu, nilipoulizia, ilikuwa imekwenda kufidia birika.

Nimejaribu kuwaeleza kwamba mambo haya yanapangwa na watu wasiotujua. Yupo Turki Alalshikh kule Riyadh mwenye fungu la kuwakutanisha watu ambao mapromota walishindwa kuwakutanisha kwa miaka. Yapo mashirika ya mikanda na orodha zao za wapinzani wa lazima. Zipo televisheni. Bondia mwenyewe ana mke anayemwambia inatosha baba fulani, rudi nyumbani. Usyk alipompiga Dubois alikuwa na miaka 38. Kwa maoni yangu ameshamaliza, hadaiwi na mtu, wanaomtafutia wa kumpiga wanatafuta tu siku ya kusema "nilisema." Lakini haya ni maoni ya mtu aliyeambiwa atoe karatasi kwenye vikombe.

Kinachoniuma zaidi kiko karibu. Yupo kijana anapita mbele ya kijiwe kila asubuhi akikimbia, kofia ya sweta kichwani, jasho linachuruzika, kamba ya kurukia imening'inia shingoni. Ni bondia. Anapigana kweli, kwenye kumbi za hapahapa Dar es Salaam, kwa malipo ambayo nadhani hayamtoshi hata nauli na mayai. Waulize wachambuzi wetu ameshinda mapambano mangapi. Hakuna anayejua. Muulize bodaboda kama yule kijana ni mashoto au la. Hajui, na kila siku nusura amgonge.

Juzi alisimama. Akatoa shikamoo kwa wazee, akabandika bango lake kwenye nguzo, akasema Jumamosi hii anapanda ulingoni, raundi nane, tiketi shilingi 5,000, anazo mfukoni. Kimya kilichofuata ni kile cha mwisho wa harambee. Bodaboda aligundua ana abiria. Kinyozi, mtu ambaye juzijuzi alikuwa anagawa mamilioni ya dola ya Riyadh kwa Fury na Usyk, alimsogelea yule kijana, akamshika bega, akamuuliza kwa upole kama kuna tiketi za bure kwa wachambuzi.

Nilinunua moja. Mzee wa kahawa akanunua moja pia, akasema anakwenda kuona bingwa ambaye hata akiachia mkanda atajua umeachwa mtaa gani. Zilizobaki zipo, kijana anapita asubuhi. Njooni basi Jumamosi, mlipe kama mnavyolipa kibanda umiza kwa ajili ya watu wa Riyadh na Las Vegas, na mkifika ukumbini mkae chini. Wa nyuma nao wamelipa.