Tipa, Rola na Chura wa Kihansi

Ukuta wa zege la kushindiliwa, kama wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, hupanda kwa matabaka ya takriban sentimita 30. Tipa humwaga, tingatinga husambaza, rola hushindilia. Tabaka jipya likichelewa hadi la chini likawa gumu, uso husafishwa na kupakwa mota kwanza. Kwenye bwawa moja lisilotajwa jina, jambo hilo lilizua maneno.

TIPA: Nimenguruma tangu alfajiri. Kazi si mchezo!

ROLA: Umenguruma foleni. Wenzako sita wako nyuma yako, injini zinawaka, nami nasubiri zege.

TIPA: Bango la langoni linasema “Mazingira Kwanza”.

ROLA: Nalo limesimama tu, kama sisi. Tangu 1992 mtafiti Lauri Koskela aliandika kwamba ujenzi ujifunze kwa viwanda vya kina Toyota: kusubiri, kurundika na kurudia kazi ni upotevu. Mtafiti Glenn Ballard akaongeza kwamba msimamizi wa zamu aahidi kazi iliyo tayari tu. Hapa tunaahidi tabaka la Jumatatu na kokoto bado ziko machimboni!

TIPA: Zege likiharibika tutachanganya jingine.

ROLA: Saruji yake ilishatoa hewa ya ukaa tanuruni, na zaidi ya nusu hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanayochomwa, si kwenye kuni wala makaa. Ukiitupa, hewa ile hairudi.

CHURA: Shikamooni, wazee wa chuma.

ROLA: Marahaba. Umefuata nini?

CHURA: Hesabu yenu inaishia ukutani. Bondeni kwetu Kihansi, maji ya mto yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu ya maporomoko yalikatika. Hatukuwa na kwetu pengine duniani. Yakafungwa mabomba ya kunyunyiza, na bado mwaka 2009 tukatangazwa kutoweka porini. Waliobaki walilelewa kwenye bustani za wanyama Marekani, na 2012 tukaanza kurudishwa bondeni. Kwenu kurudia tabaka ni upotevu. Kurudia maporomoko kwa mabomba mnaita mradi wa mazingira. Aibu hamna?

TIPA: Mimi hubeba zege tu.

CHURA: Ndivyo wanavyosema wote, hadi ofisini.

ROLA: Basi maji ya kuachiwa mto yaamuliwe kwenye michoro, na tundu la kuyapitisha lipangwe kabla ukuta haujainuka. Baada ya hapo ni kutoboa zege.