Jirani Kanunua Jua

Jirani yangu amenunua jua. Mchana hulichaji kwa lile jua letu la zamani, usiku hulielekeza dirishani kwangu. Boksi liliandikwa wati 300, naye kaamini. Anasema ni la kuzuia wezi. Labda. Ila mwizi akisimama nyuma ya ule mwanga, nani atamwona, nasi sote tumefumba macho? Kumbikumbi wamehamia kwake, jogoo anawika saa 7 usiku, na mimi nalala na kanga usoni kama maiti.

Huko Flagstaff, Arizona, watu wana mambo. Mwaka 1958 mji ulipiga marufuku taa kubwa za matangazo zilizokuwa zikipekua mawingu, kwa kuwa wanaastronomia wa kituo cha Lowell, pale sayari kibete ya Pluto ilipogunduliwa mwaka 1930, walilitaka giza lao. Mwaka 2001 ukatambuliwa kuwa mji wa kwanza duniani wa anga la giza. Kule taa ya nje huvishwa kofia, imulike chini, penye miguu ya mtu. Nyota haziibi.

Sisi giza tulilipata bure kila umeme ulipokatika, tena bila cheti. Sasa hata hilo jirani kalimaliza: sola haikatiki.

Nilimwendea kwa adabu. "Jirani, naomba uiinamishe taa yako kidogo." Akacheka, akanishauri ninunue pazia zito. Nimenunua. Jana kaongeza taa ya pili. Eti tangu niweke pazia, upande wangu umekuwa na giza la kutia shaka.