Taarifa ya Wiki kwa Mzazi: Inavyotumwa na Inavyofika

Taarifa ya wiki ni maandishi mafupi ambayo mwalimu wa darasa katika shule ya msingi huwapelekea wazazi kila Ijumaa, akiwaeleza watoto wamejifunza nini, Jumatatu waje na nini, na nani bado hajalipa. Katika shule nyingi za mjini Isiolo, walichojifunza hupewa mstari mmoja, vya kuleta hupewa mistari mitatu, na malipo hupigiwa mstari chini mara mbili kwa kalamu nyekundu. Mzazi mzoefu huanza kusoma kutoka chini kwenda juu.

Kinadharia, kazi ya taarifa hii ni nyepesi: kuwaunganisha watu wazima wawili wanaomlea mtoto mmoja. Tatizo ni kwamba katikati yao yuko mtoto mwenyewe, naye ndiye tarishi, ndiye mkalimani, na mara nyingi ndiye mshtakiwa. Hakuna mahakama inayomkabidhi mshtakiwa hati ya mashtaka akaipeleke mwenyewe, kwa miguu, tena apitie kiwanja ambako wenzake wanacheza mpira.

Njia kongwe zaidi ya kufikisha taarifa ni mdomo. Mwalimu husema, darasa zima huitikia "Ndiyo, mwalimu," na kengele hulia. Yanayotokea baada ya kengele hayajawahi kueleweka vizuri. Mtoto wa Gredi ya 2 anayeweza kusimulia katuni nzima, pamoja na sauti za magari yote yaliyogongana, hufika nyumbani na neno moja tu: "Mmeitwa." Akiulizwa nani ameitwa, na lini, na kwa kosa gani, hutazama mlango. Kilichosalia hukaa kimya kichwani mwake Jumamosi yote na Jumapili yote, kisha huamka Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mguu mmoja ukiwa ndani ya kiatu na mandazi yakiwa mdomoni: "Mama, mwalimu alisema tulete gundi, karatasi ya manila na mmea wenye mizizi, na asiye navyo asikanyage darasani." Saa hiyo duka la vitabu limefungwa. Mmea wenye mizizi hung'olewa kwa jirani, jirani akiwa bado kwenye sala.

Ili kuuponya ugonjwa huo, shule zilianzisha dayari. Hiki ni kitabu chenye nembo ya shule kwenye jalada, ambamo mwalimu huandika na mzazi hutia sahihi kuthibitisha kwamba amesoma. Sahihi ndiyo moyo wa mpango wenyewe, na ndiyo sehemu iliyoharibika kwanza. Dayari moja ya kawaida, ikipekuliwa kuanzia Januari hadi Aprili, huwa na sahihi za mama, za dada wa Gredi ya 6 anayejifunza kuandika kwa madaha, za mwenye duka la kona, na moja ya kijana wa bodaboda aliyekuwa na kalamu. Mwenye duka ndiye msomaji makini kuliko wote. Hukumbuka kwamba wiki iliyopita mtoto hakumaliza hesabu, naye humwuliza habari hiyo mbele ya wateja kabla ya kumuuzia peremende.

Dayari ina adui mwingine, mbuzi. Mbuzi wa Isiolo hutembea mjini kwa uhuru wa diwani aliyechaguliwa bila kupingwa, na wakati wa kiangazi karatasi huhesabiwa miongoni mwa majani. Walimu wamesikia hadithi ya mbuzi aliyekula kazi ya ziada mara nyingi mno hata hawaiamini tena. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu safari nyingine ni kweli. Kuna mtoto aliyelazimika kuleta kipande kilichobaki, chenye alama za meno na maneno "Mzazi mpendwa, tunas", kama ushahidi.

Sehemu ngumu zaidi ni lugha. Isiolo ni mji uliojengwa na wageni wa kila upande. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wasomali waliokuwa askari wa Waingereza walipewa nafasi ya kuishi hapa na mifugo yao. Waborana, Waturkana na Wasamburu walikuwa wakipita na kukaa. Wameru waliteremka kutoka milimani na ndizi na miraa. Kiswahili ndicho kilichowaweka wote soko moja. Lakini mwalimu huandika taarifa kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuandika barua rasmi, mtoto huieleza kwa Kiswahili cha uwanjani, na nyanya anayemlea huisikia kwa Kiborana. Kwa kila hatua ya ukalimani huo mtoto hupata nafasi ya kuhariri, naye si mtu wa kuipoteza.

Chukua taarifa ya kawaida: mtoto anaongea sana darasani na hamalizi kazi yake. Mtoto husimama mbele ya nyanya, karatasi mkononi, na kutoa tafsiri: "Mwalimu anasema darasani anayeongea ni mimi." Hakuna neno la uongo hapo. Nyanya hufurahi, kwa maana ukoo wao umetoa wasemaji wa baraza tangu zamani, na Jumatatu humtumia mwalimu chupa ya maziwa ya ngamia, yale mazito yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mwalimu huyapokea kwa unyenyekevu akiamini kwamba mlezi ameomba radhi. Wiki hiyo pande zote mbili huhesabu kwamba mawasiliano yamefana.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba nyanya asiyesoma herufi hudanganyika kila mara. Husoma uso. Karatasi ikisomwa kwa sauti ya haraka, macho yakiwa dirishani, hunyoosha mkono na kusema, "Lete, tutampa mwenye duka atusomee." Kwa kupima makosa ya taarifa, njia hii haijapata mpinzani.

Mambo yalizidi uzito Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi nchini kote, kuanzia madarasa ya awali hadi Gredi ya 3. Mtaala huo humtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto, na taarifa ya Ijumaa ikageuka orodha ya manunuzi. Vifuniko vya chupa. Vibao vya mbao. Mbegu za aina tofauti. Watoto walipofika Gredi ya 4 ikaja sanamu ya kutishia ndege shambani, iliyozua gumzo kote Kenya na ambayo kwa Isiolo ilikuwa na ugumu wake wa pekee. Familia nyingi hapa hufuga, hazilimi. Shamba la kulindwa halipo, na ndege mwenyewe, kwa jua la mwezi wa pili, hana nguvu ya kuiba chochote. Baba hutoa shati lake kuukuu, mama hutoa kofia, majani makavu hujazwa ndani, na sanamu husimamishwa langoni Jumapili jioni ikisubiri asubuhi. Majirani huisalimu. Mmoja wao hukasirika kwamba haikuitikia. Mbuzi hula kifua chake usiku, na Jumatatu mtoto hufika shuleni na shati la baba lililotundikwa kwenye mti, akapewa alama za juu kwa usafi wa kazi.

Kazi isiyohitaji vitu huhitaji picha, na picha hutoka saiba. Jumapili magharibi, saiba za mjini hujaa wazazi wenye dayari zilizofunguliwa ukurasa uleule. Mwenye saiba hana haja ya kuuliza. Anajua Gredi ya 3 wanataka wanyama wa kufugwa na Gredi ya 5 wanataka mfumo wa kupumua. Mzazi hulipia picha ya ngamia, ya rangi, huku ngamia wa kweli akipita barabarani nje ya mlango bila kudai hata shilingi. Umeme ukikatika katikati ya uchapishaji, hutoka nusu ya ngamia, upande wa nyuma, naye hubandikwa hivyohivyo.

Kundi la WhatsApp lilikusudiwa kummaliza tarishi. Ujumbe utoke kwa mwalimu, uende moja kwa moja kwa mzazi, mtoto asiuguse. Wazo zuri, ila simu ya mzazi hukaa na nani? Hukaa na mtoto, anayecheza mchezo wa magari, na ambaye hujifunza kufuta taarifa ibukizi kabla hajajifunza kugawanya. Ujumbe unaoponyoka kidole chake hukutana na kundi lenyewe. Kundi la wazazi wa darasa moja la Isiolo huanza Ijumaa kwa salamu za Jumaa Mubarak, huingia Jumapili kwa aya za Biblia, na katikati yake hupita mbuzi aliyepotea Kulamawe, nyumba ya kupanga Bulla Pesa, mchango wa harusi, na video ya ajali iliyotokea nchi nyingine. Taarifa ya mwalimu huwa humo ndani, juu kabisa, chini ya amina arobaini. Anayeipata husema "Asante mwalimu," na wengine wote, bila kuisoma, nao hushukuru.

Ajali kubwa ya kundi ni ujumbe uliokusudiwa mtu mmoja. Baba anayetaka kumwambia mkewe kwamba mwalimu huyu anadhani pesa huota kwenye mgunga, huwaambia wazazi wote wa Gredi ya 4 pamoja na mwalimu mwenyewe. Hufuta. Lakini maneno "Ujumbe huu umefutwa" huwafikia watu waliokwisha kuusoma, na hapo ndipo wale ambao hawakuusoma huanza kuuliza ulisemaje. Kundi huwa halijawahi kuwa na umakini mkubwa kiasi hicho. Mwalimu mwerevu hutumia nafasi hiyo kutuma tena ile orodha ya madeni.

Wako pia wazazi walio fora, yaani huko mbali na makundi ya mifugo, kuelekea Merti au mbele zaidi, ambako mtandao hupatikana juu ya kilima na kwa kumwelekea mnara. Mtoto wao hukaa mjini kwa shangazi ili asome. Baba hupanda kilima siku anayoweza, simu hutetemeka kwa muda mrefu, na taarifa za majuma kadhaa huingia kwa pamoja. Yeye, kwa adabu, hujibu zote. Ndiyo maana katikati ya kundi hutokea ghafla sauti iliyorekodiwa, upepo ukivuma nyuma yake, ikisema kwamba atakuja bila kukosa kwenye mkutano uliofanyika mwezi uliopita, kwamba sweta iliyookotwa si ya mwanawe, na kwamba mwalimu apewe pole kwa homa ambayo mwalimu ameshaisahau. Ukweli ni kwamba baba huyu ndiye mzazi pekee aliyesikiliza kila kitu hadi mwisho.

Kuhusu tarehe, taarifa huwa imara hadi mwezi wa Ramadhani. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, na hakuna mwalimu anayeweza kuuandikia mwezi tarehe. Basi huandika kwa tahadhari: mwezi ukionekana hakuna masomo, usipoonekana masomo yataendelea. Sentensi hiyo ikipita mikononi mwa tarishi, sehemu ya pili huanguka njiani. Hakuna watu duniani wanaouona mwezi mapema kama wanafunzi wa Gredi ya 4. Baadhi yao huuona mchana, na miongoni mwa mashahidi hao huwamo watoto wa Wakristo.

Mwisho wa muhula huja taarifa kubwa, ripoti ya maendeleo. Wazazi waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, wanajua swali moja tu: amekuwa namba ngapi? Ripoti ya sasa haina namba. Ina viwango vinne: anazidisha matarajio, anafikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko mbali na matarajio. Baba huipindua karatasi nyuma kutafuta namba. Mtoto aliye kwenye kiwango cha tatu humsaidia kwa utulivu: "Imeandikwa ninakaribia." Baba hukubali, kwa kuwa hata safari ya Moyale ina mahali pa kukaribia. Aliye mbali na matarajio hueleza kwamba neno hilo huandikiwa wale wanaoishi mbali na shule, na kama kweli anatoka Kambi Garba, hoja yake huwa na miguu.

Chini ya ripoti hiyo huwapo tarehe mbili, ya kufunga na ya kufungua. Ya kufunga hufika nyumbani siku nyingi kabla ya karatasi yenyewe, ikiwa sahihi hadi saa, kwa lugha zote zinazozungumzwa mjini. Ya kufungua mama huipata sokoni, Jumatatu alasiri, kwa mwenzake anayemwuliza mbona mtoto wake hakuonekana darasani leo.